Hesabu imo mchezoni, kinachokosekana ni mtazamaji

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wakaguzi wa shule, wakuu wa shule, wazazi na walimu wenzetu wa madarasa ya awali. Kazi ya mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi 6 bado inapimwa kwa kufungua daftari. Likijaa namba zilizonakiliwa mstari kwa mstari, basi hesabu imefundishwa. Watoto wakikutwa chini na vipande vya mbao, beseni la maji na makopo, inachukuliwa kwamba kipindi kimepotea bure. Sisi tunaofanya kazi hii tunasema sivyo. Hesabu na sayansi zimo mle mle mchezoni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima anayejua atazame wapi, aandike nini na anyamaze lini.

Kutazama mchezo ni ufundi, nao hufundishika. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alianzia nyumbani kwake, akiandika walichofanya watoto wake watatu tangu wakiwa wachanga. Susan Isaacs, aliyeongoza shule ya Malting House mjini Cambridge kati ya 1924 na 1927, aliandika pamoja na wenzake maneno ya watoto kama yalivyotamkwa na matendo yaliyoandamana nayo. Kazi hiyo haihitaji zana zaidi ya kalamu na karatasi.

Basi tuanze na karatasi. Juu andika tarehe, saa ya kuanza, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, vifaa vilivyokuwepo na watoto aliokuwa nao. Miezi ni muhimu: mtoto wa miaka 3 na mwezi 1 na yule wa miaka 3 na miezi 11 wote tunawaita wa miaka mitatu, ilhali katika umri huu miezi kumi ni safari ndefu. Sehemu iliyobaki igawe safu mbili, ya kushoto ichukue theluthi mbili ya upana. Kushoto unaandika ulichoona na ulichosikia. Kulia unapaacha patupu mpaka mchezo uishe, ndipo unaandika unavyodhani jambo hilo lina maana gani. Dakika 5 hadi 10 kwa mtoto mmoja zinatosha. Zaidi ya hapo mkono huchoka na macho huanza kutangatanga. Ukitazama watoto wawili kwa siku, darasa la watoto 20 linakamilika katika wiki mbili za shule.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kuandika hukumu mahali pa tukio. "Anafurahia maji na anajifunza ujazo" ni hukumu, na mwalimu mwingine akiisoma hana cha kupinga wala cha kuongeza. Linganisha na hii: "Amejaza kopo dogo, akamimina kwenye chupa. Mara 4. Mara ya 5 maji yamefurika. Ametazama mezani, akasema 'imeshiba'. Amechukua chupa nyembamba zaidi, akamimina kopo moja, akasimama, akainama usawa wa maji, akamimina la pili taratibu sana." Mwendo wa mkono umebadilika baada ya mafuriko. Mtoto huyu sasa anatarajia jambo kabla halijatokea, na hilo ni kukadiria. Maneno kama anaelewa, anapenda, amechoka na anajaribu yaende safu ya kulia. Kushoto kubaki na akamimina, akageuza, akapanga kando kwa kando, akarudi nyuma akatazama.

Kitu kimoja tukisisitize kuliko vyote: andika mtoto amerudia mara ngapi, na nini kilibadilika kati ya mara moja na nyingine. Anayeangusha mpira mara 8 kutoka kimo kilekile bado anathibitisha. Anayeangusha mara 3 kutoka chini, kisha akapanda juu ya kiti, ameuliza swali hata kama hakufungua kinywa. Mtazamaji aliyehesabu marudio peke yake ataona mtoto anayechezea mpira. Aliyeandika badiliko ataona jaribio.

Andika pia mikono. Mtoto wa miaka 4 akieleza kwa nini maji ya chombo kimoja ni mengi, anaweza kusema "kwa sababu ni kirefu" huku vidole vyake vikionyesha upana. Mtafiti Susan Goldin-Meadow na wenzake wameonyesha kwamba watoto ambao mikono yao inasema jambo tofauti na mdomo mara nyingi ndio walio karibu kujifunza dhana hiyo. Hilo halinaswi na picha ya simu, wala na kumbukumbu ya jioni baada ya watoto kuondoka. Huandikwa palepale.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Mtoto anayeimba moja hadi kumi ameonyesha kwamba ameshika wimbo. Mwaka 1978 watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel walitenganisha kanuni tano zilizomo ndani ya kuhesabu: kila kitu kipewe neno moja tu, maneno yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, neno la mwisho ndilo idadi ya vyote, vitu vya aina yoyote vinahesabika, na unaweza kuanzia popote. Faida ya orodha hiyo kwa mtazamaji ni kwamba kanuni hizo huvunjika moja moja, na kila mvunjiko una sura yake. Tazama kidole. Kikigusa kete mbili kwa neno moja la "mbi-li", kila silabi na kete yake, mpangilio wa maneno uko sawa, kilichoteleza ni kulinganisha neno na kitu. Kikigusa vizuri lakini mtoto akiruka kutoka tano hadi saba, tatizo liko kwenye wimbo. Dawa za makosa hayo mawili si moja. Ya kwanza hupewa kazi ya kusogeza kila kete upande wa pili wa mstari inapohesabiwa; ya pili hupewa nyimbo na michezo ya kuruka hatua.

Kanuni ya tatu ndiyo inayowadanganya watu wazima. Mtoto amehesabu kete tano bila kosa, ukimuuliza "ngapi?" anaanza kuhesabu upya. Wengi hudhani ni ukaidi. Kwake swali hilo ni amri ya kuhesabu tena, kwa sababu bado hajajua kwamba neno "tano" la mwisho limebeba kundi zima. Mtafiti Karen Wynn, katika kazi alizochapisha mwaka 1990 na 1992, alitumia njia ya kumwomba mtoto atoe idadi fulani, na njia hiyo inaingia mchezoni bila shida. Weka kete 15 za aina moja ndani ya bakuli na mdoli mbele yake. Mdoli anaomba moja. Kisha anaomba tatu. Akipewa sawasawa, aombe zaidi. Akikosewa, ashuke kwa moja. Kila anapopewa, muulize mtoto, "Hebu hesabu tuone kama ni tatu," umpe nafasi ya kurekebisha. Sema kwamba anaijua namba fulani iwapo ameitoa vizuri angalau mara 2 kati ya 3, na haitoi hiyo hiyo anapoombwa namba nyingine.

Utakachokiona ni ngazi. Mtoto huijua moja kwanza. Ukimwomba nyingine yoyote anachota konzi nzima ya kete bila kuhesabu. Baada ya miezi kadhaa huijua mbili, kisha tatu, pengine nne, halafu ghafla zote zilizomo katika wimbo wake humfungukia. Wakati wote huo anaweza kuwa anaimba hadi kumi na hata kugusa kete tano moja moja bila kosa. Ndiyo maana tunasema daftari lenye namba 1 hadi 10 halituambii mtoto yuko ngazi gani.

Anayefanya zoezi hili kwa Kiswahili achague kitu kwa makini. Ukisema "nipe kifuniko kimoja", herufi za mwanzo zimeshamnong'oneza mtoto kwamba unataka kimoja kabla namba haijafika. "Vifuniko" nayo imeshamwambia ni zaidi ya kimoja. Isitoshe, wimbo wake unasema mbili na tatu, wewe unamwambia viwili na vitatu. Kete na mbegu hazibadiliki umbo, na namba zake ni zile zile za wimbo: mbili, tatu, nne, tano. Anzia hapo, kisha baadaye tumia vifuniko na vijiti uone kama ujuzi umehama. Macho yako nayo yasiangalie bakuli wala mkono wake anapokaribia idadi sahihi, maana watoto husoma uso haraka kuliko namba. Na mtoto aliyefika kumi na tisa akasema "kumi na kumi" asikatizwe kwa kicheko. Ameshaikamata kanuni ya kuunda namba, ila hajakutana na ishirini.

Kuna jaribio la Piaget ambalo walimu wengi walilisoma chuoni na kulitumia vibaya. Unapanga safu mbili za kete, idadi sawa, mtoto anakubali zinalingana. Unaitanua safu moja mbele yake, unauliza tena, naye anasema iliyotanuliwa ni nyingi. Hitimisho la haraka ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 au 7 hawezi. James McGarrigle na Margaret Donaldson mwaka 1974 walifanya badiliko dogo: safu ilivurugwa na dubu wa kuchezea "mtukutu" badala ya mtu mzima. Watoto wengi zaidi wa miaka 4 hadi 6 walijibu sawasawa. Mtu mzima akigusa kitu kwa makusudi kisha akarudia swali lile lile, mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, au kwamba kilichobadilishwa ndicho kinachoulizwa. Kabla ya kuandika "hajui", mwalimu ajiulize mtoto amelisikiaje swali. Mchezoni jambo hili hujitokeza lenyewe watoto wawili wanapogombana nani ana kete nyingi. Subiri. Mara nyingi mmoja wao atapanga zake sambamba na za mwenzake, moja kwa moja, na mjadala utakwisha bila wewe.

Kwenye vipande vya mbao tunaomba wasomaji wakae nasi kidogo, kwa sababu hakuna kifaa kinachobeba hesabu nyingi kama hicho. Caroline Pratt, mwalimu wa New York mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni seti ambayo bado inatumika: kipande kimoja cha msingi chenye urefu wa takriban sentimita 14, upana 7 na unene 3.5, kisha nusu yake, mara mbili yake na mara nne yake. Ona uwiano: unene mara mbili ni upana, upana mara mbili ni urefu. Mtoto anayehitaji kipande kirefu na kukikosa huweka viwili vya msingi, au vinne vya nusu, akafika palepale. Huo ni uhusiano wa kitu kizima na nusu yake, miaka mingi kabla ya kuuandika kama sehemu yenye mstari katikati.

Fundi seremala yeyote anaweza kuvikata kutokana na mabaki ya mbao ngumu iliyokauka. Kinachoharibu ni upungufu mdogo. Kila nusu ikiwa fupi kwa milimita 3, nusu nne zikipangwa kando ya kipande cha mara mbili zinapungua milimita 12. Hapo mbao zinamfundisha mtoto kwamba nusu nne hazitimizi kipande hicho, na ukuta wake unaelemea upande mmoja bila yeye kujua kosa si lake. Mwambie fundi akate vipande vyote vya kipimo kimoja kwa kizuizi kimoja (kibao kinachozuia mbao mahali pale pale kila inapokatwa), akumbuke unene wa msumeno, kisha apige msasa kingo bila kula urefu. Mbao mbichi zisitumike, zitapinda. Rangi ya kupaka si lazima, tena huongeza utelezi. Kwa watoto 4 au 5 wanaojenga pamoja, chini ya vipande 80 ni ugomvi mtupu; 100 hadi 150, nusu yake vikiwa vya msingi, vinatosha kwa kazi ya maana.

Mwalimu Harriet Johnson, mwaka 1933, alieleza hatua za kujenga kwa mbao ambazo mtazamaji ataziona mpaka leo: kubeba tu huku na kule, kurundika juu na kulaza safu, daraja, uzio uliofunga pande zote, mapambo yenye ulinganifu, kukipa jengo jina, na mwisho jengo la kitu halisi ambacho mtoto amekikusudia kabla hajaanza kujenga. Usizitumie kama mtihani. Mtoto wa miaka 5 ambaye hajawahi kuvigusa huanza na kubeba na kurundika kama mdogo wake, ila hupita hatua hizo haraka zaidi.

Daraja ndilo darasa la vipimo. Nguzo mbili zimesimama, kipande cha juu hakifiki, kinaanguka katikati. Tazama anachofanya baadaye. Wapo wanaokiweka tena palepale, mara tatu, mara nne. Wapo wanaosogeza nguzo, wapo wanaokwenda kutafuta kirefu, na wapo wanaokilaza kwanza chini kati ya nguzo kupima kabla ya kukiinua. Yule wa mwisho amegundua kipimo: ametumia kitu kimoja kuhukumu umbali ambao bado hajaufunika. Mtu mzima aliyesema "sogeza nguzo karibu" mara ya pili amemwokoa mtoto sekunde kumi na kumnyima ugunduzi huo.

Kuna jambo katika kusawazisha vitu ambalo huwashtua wazazi. Annette Karmiloff-Smith na Bärbel Inhelder, mwaka 1974, waliwapa watoto vipande vya kusawazisha juu ya upau mwembamba, vingine vikiwa vimefichwa uzito upande mmoja. Wadogo waliweza, kwa kusogeza na kuhisi. Wakubwa kidogo, wa miaka 6 hivi, waliviweka vyote katikati kabisa, vile vyenye uzito uliofichwa vikaanguka, nao wakavitupa kando wakisema haiwezekani. Waliokuwa wakubwa zaidi waliweza tena. Wale wa katikati hawakurudi nyuma. Walikuwa wameshapata kanuni, kwamba kitu husimama kwenye nusu ya urefu wake, na sasa walikuwa wanaipima dunia kwa kanuni hiyo. Mtoto wako akianza kukosea alichokuwa anakiweza, tafuta kanuni mpya iliyojificha nyuma ya kosa kabla ya kumsahihisha.

Maji yanahitaji maandalizi kuliko yanavyodhaniwa. Vyombo viwili vyenye ujazo sawa, kimoja kirefu chembamba na kingine kipana kifupi, ni bora kuliko vyombo kumi visivyo na uhusiano. Vya kuzamisha navyo viteuliwe vipingane na dhana ya kwanza ya mtoto, kwamba kizito huzama na chepesi huelea: gogo kubwa linaloelea na msumari mdogo unaozama. Ongeza udongo wa kufinyangia usioyeyuka; donge likizama, bonge lile lile likifinyangwa kama bakuli huelea, na mtoto hulazimika kufikiria umbo.

Wengi hupenda chupa yenye matundu matatu, nao huishia kuchanganyikiwa. Chukua chupa ndefu ya plastiki, toboa matundu ya milimita 3 kwenye kimo cha sentimita 6, 12 na 18, yasiwe kwenye mstari mmoja ili mikondo isigongane, jaza hadi sentimita 24. Mwalimu anatarajia tundu la chini lirushe maji mbali zaidi, kwa kuwa mgandamizo ni mkubwa zaidi chini. Chupa ikiwa mezani, la katikati ndilo linalofika mbali, kwa hesabu kama sentimita 24, na yale mengine mawili yanafika karibu sawa, kama 21. Maji ya chini hutoka kwa kasi kubwa kweli, lakini hugonga meza kabla hayajaenda. Inua chupa juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 24 au zaidi na tundu la chini litashinda. Kifuniko kiwe wazi, la sivyo hewa haiingii vizuri na mikondo hukatikakatika. Na mtoto mmoja awe anaongeza maji, maana kina kikishuka mikondo yote hufupika. Watoto hawahitaji maelezo ya mgandamizo. Wanahitaji kuona kwamba kuinua chupa kumebadilisha mshindi, na mwalimu anahitaji kutoshtuka.

Vivuli, mteremko wa ubao na magari ya kuchezea, sumaku: kanuni ya kutazama ni ile ile, badiliko kati ya mara moja na nyingine. Kwenye mteremko watoto wa umri huu hubadilisha mambo mawili kwa pamoja, kimo na gari, kisha hawajui lipi limeleta tofauti. Andika, usikemee. Acha tu magari mawili yanayofanana yawepo karibu.

Lini mtu mzima aseme? Laura Schulz na Elizabeth Bonawitz, mwaka 2007, waliwaonyesha watoto wa chekechea sanduku lenye vishikio viwili na midoli miwili inayochomoza. Walioona vishikio vikibonyezwa pamoja, hivyo wasijue kipi kinafanya nini, waliendelea kulichezea hata walipopewa sanduku jipya. Walioona kila kimoja peke yake walihamia jipya. Utata ndio uliowashika. Mwaka 2011 Bonawitz na wenzake walionyesha upande wa pili: watoto waliofundishwa kwa makusudi kazi moja ya kifaa chenye kazi kadhaa walikichezea kwa muda mfupi zaidi na kugundua machache kuliko wale ambao hawakufundishwa. Hatusemi mwalimu asifundishe kamwe. Tunasema achague wakati, ajue kwamba kila anachoonyesha kinafunga mlango wa vingine kwa muda.

Kwa vitendo: mtoto akiwa bado anabadilisha kitu fulani, nyamaza. Akirudia kosa lile lile zaidi ya mara tano na uso ukianza kukunjamana, sogeza kifaa kimoja karibu bila neno. Ukisema, sema ulichoona: "Hiki kimefika, hiki hakikufika." Maswali ya "vingapi?" na "rangi gani?" humtoa mtoto kwenye kazi yake na kumweka kwenye mtihani wako. Na ukiuliza, ngoja. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu kimoyomoyo mpaka nne. Ni kimya kirefu kuliko unavyofikiri.

Usalama hauna mjadala. Beseni lenye maji ya sentimita 5 linaweza kumzamisha mtoto mdogo; mtu mzima asigeuke, na maji yamwagwe mara mchezo uishapo. Kwa walio chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopenya tundu la kipenyo cha milimita 32 hakifai, kete zikiwemo. Sumaku ndogo zenye nguvu zisiingie darasani kabisa: mbili zikimezwa huvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo.

Mtazamaji naye ana upofu wake. Hutazama wasemaji na kuwasahau wakimya. Hutazama kona ya mbao na kusahau kwamba anayegawa vijiko kwa midoli, kila mmoja kimoja, anafanya hesabu ile ile. Orodha ya majina ukutani, yenye alama kwa kila aliyeandikwa, huliponya hilo. Wawili wakitazama mchezo mmoja mara moja kwa mwezi na kulinganisha karatasi zao za kushoto, watagundua kila mmoja ameruka nini.

Karatasi za kila mtoto zipangwe kwa tarehe katika jalada lake, na mwisho wa mwaka zihamie kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Akisoma "Machi: anatoa kete tatu kwa uhakika, akiombwa nne anakamata konzi. Agosti: anatoa hadi kumi, anahakiki mwenyewe", anajua aanzie wapi siku ya kwanza. Kwa wakaguzi ombi letu ni moja: mkifika, kaeni dakika 20 pembeni ya beseni au ya mbao kabla ya kuomba madaftari, kisha mwombeni mwalimu karatasi ya alichoandika katika dakika hizo hizo, mlinganishe na mlichokiona ninyi.

Ni sisi,
Walimu wa madarasa ya awali